Masega, dhahabu na zebaki: anachofanya mtafiti wa vichocheo

Fundi magari yeyote wa Mwanza anayajua masega. Ni kile kitu cha kijivu chenye vitundu vidogo vidogo kinachokaa ndani ya ekzosi, na mnunuzi wake huuliza kwanza limetoka kwenye gari gani ndipo ataje bei. Thamani yake iko kwenye platinamu, paladiamu na rodiamu, gramu chache tu, zilizopakwa kwa wembamba mno juu ya kauri. Moshi wa injini ukipita humo, kaboni monoksaidi yenye sumu inageuka kuwa hewa ukaa, na oksidi za nitrojeni zinarudi kuwa nitrojeni ile ile tunayoivuta kila siku. Gari linaweza kutembea miaka kumi na madini hayo yakabaki. Ndiyo maana masega ya gari kuukuu bado yanauzika.

Masega ni kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko (mabadiliko ya kikemia) bila chenyewe kuisha, na wapo watu wanaosomea vichocheo mpaka shahada ya uzamivu. Familia ikiwa na kijana wa namna hiyo, mwaka wa tatu sasa yuko maabara ugenini, maswali ya wajomba na mashangazi huwa yale yale: anasomea nini hasa, kinasaidia nini, na mbona hamalizi? Ni maswali ya haki. Nitajaribu kuyajibu kwa kutumia dhahabu zaidi ya kitu kingine, kwa sababu Kanda ya Ziwa inaishi na dhahabu. Geita iko ng'ambo ya ghuba, na tangu Juni 2021 Mwanza kwenyewe kuna kiwanda cha kuisafisha.

Tuanze na tatizo ambalo kichocheo huja kulitatua. Molekuli mbili zikikutana hazibadiliki papo hapo hata kama mabadiliko hayo yangetoa joto jingi. Vifungo vya zamani lazima vilegee kwanza, na kuvilegeza kunahitaji nishati ya kuanzia. Jiko la mkaa likiachwa chumbani usiku, milango imefungwa, kaboni monoksaidi inajaa katikati ya oksijeni. Kwa hesabu za nishati, gesi hizo mbili zingepaswa kuungana na kuwa hewa ukaa. Haziungani, kwa sababu kwenye joto la chumba hazina nishati ya kuvuka hatua ya kwanza. Hapo ndipo watu wanapolala na wasiamke.

Kichocheo hufungua njia nyingine yenye kikwazo kidogo. Mfano mzuri tunao hapa hapa. Kabla ya Juni 2025, mtu wa Mwanza anayekwenda Sengerema alisubiri kivuko pale Kigongo. Sasa kuna daraja la takriban kilomita 3 mpaka Busisi. Daraja halikuisogeza Sengerema hata hatua moja. Limebadilisha njia ya kufika, na kwa hiyo muda. Halipungui kwa kupitwa na magari. Na jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau kwenye mtihani: daraja hilo hilo linawaharakisha wanaokwenda na wanaorudi. Kichocheo nacho huharakisha mmenyuko wa kwenda na wa kurudi kwa kiwango sawa, kwa hiyo hakibadilishi pale ambapo mmenyuko ungeishia wenyewe. Hubadilisha muda wa kufika hapo. Anayekuahidi kichocheo kitakachotoa mazao mengi kuliko sheria za nishati zinavyoruhusu, usimpe fedha yako.

Mfano huo una mahali unapokomea. Daraja halishikani na gari, ilhali kichocheo hushikana na molekuli. Huishika kwa kifungo cha muda, huilegeza, huiacha ikutane na mwenzake, kisha huiachia. Mfaransa Paul Sabatier, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kazi yake ya kutumia nikeli na vyuma vingine vilivyosagwa laini kupachika haidrojeni kwenye molekuli, aliliweka wazo lililobaki kuwa msingi wa taaluma hii: mshiko usizidi na usipungue. Chuma kikishika kwa nguvu mno, molekuli hazibanduki na nafasi zinajaa. Kikishika kwa ulegevu mno, hakuna kinachotokea.

Kwa kipimo hicho dhahabu ilihesabiwa kuwa haina kazi. Haishiki oksijeni, haipati kutu, pete ya bibi inang'aa miaka hamsini baadaye. Sifa iliyoifanya dhahabu iwe mali ndiyo iliyowafanya wanakemia waiweke kando. Vitabu vilisema hivyo, na walimu wakafundisha hivyo.

Katika miaka ya themanini watu wawili waliokuwa mbali mbali, kila mmoja akiwa na tatizo lake, waliuvunja msimamo huo. Wa kwanza alikuwa Graham Hutchings, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mwaka 1985 alichapisha kazi iliyolinganisha kloridi za metali mbalimbali katika mmenyuko wa asetilini na asidi ya haidrokloriki, akaonyesha kwamba kwa mwelekeo wa takwimu zile dhahabu ilipaswa kuwa bora kuliko zote. Wa pili alikuwa Masatake Haruta wa Osaka, Japani. Mwaka 1987 yeye na wenzake walionyesha kwamba dhahabu iliyotawanywa vizuri juu ya oksidi ya metali nyingine inaunguza kaboni monoksaidi hata kwenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Gesi ile inayoua kimya kimya karibu na jiko la mkaa, dhahabu iliigeuza kuwa hewa ukaa bila kupashwa moto.

Siri ilikuwa ukubwa wa chembe. Chukua gramu moja ya dhahabu iliyoyeyushwa ikawa gololi. Eneo lake la nje halifiki hata sentimita moja ya mraba. Ivunje gramu hiyo hiyo iwe chembe za nanomita 5, yaani kila moja ni kama milimita iliyogawanywa mara laki mbili, na eneo la nje linakuwa karibu mita za mraba 60. Hesabu hiyo unaweza kuifanya mwenyewe kwa msongamano wa dhahabu na kanuni ya eneo la tufe. Na eneo peke yake halimalizi maelezo. Katika chembe ndogo namna hiyo, atomu nyingi hukaa pembeni na kwenye ncha, zikiwa na majirani wachache kuliko atomu iliyo katikati ya pete. Atomu yenye majirani wachache ina nafasi ya kushika kitu kingine. Sehemu ya kazi hufanyika pale chembe ya dhahabu inapogusana na oksidi iliyoibeba, na juu ya mgusano huo wataalamu wamebishana kwa miaka mingi.

Sasa turudi kwa mtafiti wetu. Tuchukulie ni binti aliyesoma sayansi sekondari hapa Mwanza, akafanya shahada ya kwanza ya kemia Dar es Salaam, akaendelea na uzamili, kisha akapata ufadhili wa uzamivu. Anaweza kuwa Arusha katika Taasisi ya Nelson Mandela, au Cardiff kule Wales, ambako Hutchings alihamia na ambako tangu 2008 kuna taasisi nzima ya vichocheo. Asubuhi yake huanza na chupa ya maji ya njano. Ni dhahabu iliyoyeyushwa kwenye mchanganyiko wa asidi ya naitriki na ya haidrokloriki, ule ule unaoyeyusha dhahabu kwa masonara. Anatia unga mweupe wa titani dioksidi, unaofanana na wa kwenye rangi za ukutani, anapasha maji yafike nyuzi 70 hivi, na huku yanakorogeka anadondosha magadi makali (kostiki soda) kidogo kidogo, jicho likiwa kwenye kipimo cha asidi. Akizidisha au akipunguza, dhahabu haikai juu ya unga, au inakaa kwa mafungu makubwa yasiyofaa. Baada ya saa moja hivi anachuja.

Kinachofuata ni kuosha, kazi ambayo mgeni wa maabara huidharau. Klorini ikibaki kwenye unga, chembe za dhahabu zitaungana zikichomwa, na wiki nzima inapotea. Kwa hiyo anaosha kwa maji yaliyotoneshwa, anachuja, anaosha tena. Anajuaje kwamba imetosha? Anachukua matone ya maji yaliyotoka, anaweka tone la naitreti ya fedha, na kutazama kama ukungu mweupe unatokea. Ni jaribio lile lile la kloridi la kidato cha nne. Ninaowafahamu wanaofundisha kemia sekondari huku kanda ya ziwa wanafanya kazi kubwa kwa vifaa vichache, na ningependa wajue kwamba tone lile la naitreti ya fedha linamfuata mwanafunzi wao mpaka kwenye uzamivu, na linategemewa.

Akishakausha na kuchoma unga kwenye tanuri la nyuzi mia tatu hivi, mweupe unakuwa wa zambarau iliyopauka. Rangi hiyo ni dhahabu. Chembe za nanomita chache hazing'ai kinjano. Mwanga huzitikisa elektroni zake kwa namna nyingine, na jicho linaona wekundu au zambarau.

Unga upo, lakini bado si kichocheo mpaka uthibitishwe. Anaupeleka kwenye hadubini ya elektroni ahesabu ukubwa wa chembe moja moja, mamia kadhaa, kisha achore mgawanyo wake. Anaupitisha kwenye eksirei kuona mpangilio wa fuwele. Anapima eneo la uso kwa kuufunika na nitrojeni kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa njia iliyobuniwa na Brunauer, Emmett na Teller mwaka 1938. Ndipo anajaza miligramu kadhaa kwenye kibomba chembamba, anapitisha gesi, na mashine ya kuchambua gesi inamwambia kila baada ya dakika kadhaa kilichoingia na kilichotoka.

Na hapo kabla ya kushangilia anarudia jaribio lile lile na titani dioksidi tupu, bila dhahabu. Kisha na bomba tupu. Asipofanya hivyo, siku ya kutetea tasnifu watahini watamuuliza kwa utulivu: umejuaje kwamba ni dhahabu iliyofanya kazi na siyo ukuta wa bomba lako? Sehemu kubwa ya miaka ile mitatu au minne inayowachosha wajomba kusubiri inakwenda kwenye majaribio ya namna hii, ambayo hayatoi habari ya kutangaza bali yanaondoa maelezo ya uongo.

Kasi siyo kitu pekee kinachotafutwa, na kwa maoni yangu siyo kigumu zaidi. Kigumu ni uchaguzi. Changanya kaboni monoksaidi na haidrojeni. Juu ya nikeli utapata methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia. Juu ya shaba na oksidi ya zinki utapata methanoli. Juu ya chuma au kobalti utapata minyororo mirefu inayoweza kuwa dizeli, kama Franz Fischer na Hans Tropsch walivyoonyesha Ujerumani miaka ya ishirini. Gesi ni zile zile mbili. Kilichoamua ni uso zilioguswa nao, namna uso huo unavyokata kifungo kimoja na kukiacha kingine. Kiwanda kinachopata kitu sahihi kwa asilimia 99 hakina taka kubwa ya kutupa, na hapa ndipo kemia hii inapohifadhi mazingira kwa vitendo.

Kuna pia kufa kwa kichocheo. Kwa nadharia hakimaliziki, kwa vitendo hufa, na mtafiti mzuri hutumia muda mwingi kuchunguza maiti. Risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli ilifunika platinamu ya masega na kuiua. Ilikuwa sababu mojawapo ya kuondolewa kwake, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006. Salfa huua nikeli kwa kiasi kidogo mno. Mwenye ndoto ya kutumia gesi ya magugu maji ya Ziwa Victoria kutengeneza haidrojeni lazima akutane na jambo hili, maana gesi inayotoka kwenye majani yaliyooza huja na salfaidi ya haidrojeni, ile yenye harufu ya yai viza, na bila kuiondoa kwanza kichocheo cha nikeli hakidumu. Isitoshe, kwenye joto la nyuzi mia saba au nane linalohitajika, masizi ya kaboni huota juu ya nikeli na kuziba kila nafasi. Dhahabu nayo ina kifo chake: joto. Chembe zake zikipashwa sana zinatembea, zinaungana, zinarudi kuwa kubwa na zinarudi kulala. Ndiyo sababu huikuti kwenye masega, ambako moshi wa injini ni mkali mno.

Mafuta ya mapanki, yale mabaki ya samaki yanayotoka viwandani, yana funzo lao. Mafuta hayo yanaweza kugeuzwa dizeli kwa kuyachanganya na methanoli na kichocheo cha magadi makali, kwenye nyuzi 60 hivi. Kila kilo 100 za mafuta huchukua kilo 11 hivi za methanoli na kuacha kilo 10 hivi za gliserini. Kwenye karatasi ni rahisi. Lakini mapanki yakikaa juani, vimeng'enya, ambavyo ni vichocheo vya viumbe hai, huanza kuyakata mafuta na kuacha asidi huru. Asidi hizo zikifika asilimia mbili au tatu, magadi yanazikimbilia na unapata sabuni inayoganda badala ya dizeli inayojitenga. Kichocheo kimoja kimeshaharibu kazi ya kingine kabla hujawasha jiko. Watafiti wengi wanajaribu vichocheo vigumu visivyoyeyuka, kwa mfano chokaa inayopatikana kwa kuchoma maganda ya mayai au mifupa ya samaki iliyochomwa, na mimi nadhani hili ni eneo ambalo mtu anaweza kulifanyia kazi nzuri akiwa hapa hapa, kwa sababu malighafi na tatizo vyote viko umbali wa daladala moja.

Nimeacha zebaki mwisho kwa sababu ndiyo inayonigusa zaidi. Ule mmenyuko wa Hutchings, asetilini na asidi ya haidrokloriki, hutoa kloridi ya vinili, ambayo ndiyo malighafi ya plastiki ya PVC: mabomba ya maji, mifereji ya nyaya, dari za nyumba zetu. China, yenye makaa ya mawe mengi ya kutengenezea asetilini, hutengeneza sehemu kubwa ya PVC yake kwa njia hii, na kichocheo kwa miongo mingi kilikuwa kloridi ya zebaki juu ya mkaa. Kwenye joto la kazi zebaki hiyo huvukizwa polepole na kutoka. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017, unazitaka nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, kupunguza matumizi ya namna hiyo na kuelekea kuachana nayo. Kilichokuwa utabiri kwenye karatasi ya 1985 kikageuka hitaji la dunia.

Kutoka utabiri mpaka kiwanda ilichukua karibu miaka thelathini. Dhahabu ilifanya kazi maabara, lakini ilikufa mapema, na kuitengeneza kulihitaji asidi kali mno. Ilibidi kazi ya wanafunzi wengi wa uzamivu, mmoja akirithi daftari la mwingine, mpaka ikapatikana njia ya kuipachika dhahabu kwa kiasi kidogo, chini ya asilimia moja ya uzito, juu ya mkaa bila asidi hiyo. Kichocheo hicho sasa kinatumika viwandani China. Mwaka 2017 kundi la Cardiff lilikitazama kwa eksirei kali wakati kinafanya kazi, likakuta kwamba hapa hata chembe za nanomita hazihusiki: ni atomu moja moja za dhahabu zilizotawanyika, kila moja peke yake. Kwa kaboni monoksaidi zilitakiwa chembe, kwa asetilini zinatakiwa atomu pweke. Metali ile ile.

Kwa hiyo katika mabomba ya PVC, dhahabu inaiondoa zebaki. Huku Nyarugusu na kwingineko Geita, zebaki ndiyo inayotumika kuipata dhahabu. Mchimbaji mdogo anaichanganya na mchanga uliosagwa, zebaki inashikana na dhahabu, kisha donge linachomwa juu ya moto wa wazi, mara nyingi na mtu aliyeinama juu yake. Uchimbaji mdogo wa dhahabu duniani ndio unaotoa zebaki nyingi zaidi hewani kuliko shughuli nyingine yoyote ya binadamu. Ikifika kwenye matope ya majini, bakteria huweza kuigeuza kuwa methili-zebaki, inayopanda kutoka kiumbe kidogo hadi samaki mkubwa.

Kichocheo cha dhahabu hakimwokoi mchimbaji huyo, na sitaki msomaji aondoke akidhani hivyo. Yeye anahitaji vitu vingine: retoti ya chuma inayonasa mvuke wa zebaki na kuurudisha kuwa kimiminika badala ya kuuachia puani mwake, mitambo ya kutenganisha dhahabu kwa uzito, na mtu wa kumpimia mkojo ajue kiasi kilichokwisha kuingia mwilini. Vipimo vya namna hiyo hufanywa na wanakemia. Binti yetu wa mfano, akirudi Mwanza na shahada yake, atakuwa na mikono iliyozoea kupima kiasi kidogo cha metali mahali ambapo jicho halioni kitu, na anaweza kuanza kazi hiyo wiki ya kwanza.